Jumamosi sita za kupima maneno, Kamalondo: dola 15 zangu zilivyokwenda

Nina sekretaria ndogo karibu na soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo: kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, na kijana mmoja anayejifunza kazi. Tunapiga barua za kuomba kazi, mialiko ya ndoa, matangazo ya kilio, mikataba ya nyumba. Mwaka jana mteja mmoja anayepitisha mizigo mpakani Kasumbalesa aliniomba nimwandikie mwenzake wa Dar es Salaam kwamba malipo yamechelewa kwa sababu bibi yake amejifungua. Nikaandika hivyo hivyo. Jibu likarudi siku ileile: "Hongera sana ndugu, lakini bibi yako ana miaka mingapi?" Hapa kwetu bibi ni mke. Kule bibi ni yule aliyemzaa mama yako. Mteja alicheka, mimi sikucheka. Barua ya pili nilimpigia bure, kisha nikaanza kuulizia nani anafundisha Kiswahili cha kuandika mjini humu.

Nilielekezwa kwenye ukumbi mmoja wa nyuma ya kanisa, Kamalondo. Kozi ni Jumamosi sita, saa nane mpaka saa kumi, dola 15 kwa zote, na nakala unalipia mwenyewe. Tulikuwa kumi na wawili: wengi wanafunzi wa sekondari, kijana mmoja anayetunga nyimbo, mzee katekista, na mimi, ambaye kufikia wiki ya pili nilikuwa nimeshaitwa Mama Sekretaria.

Nianze na ubaya, niumalize. Mabenchi ni ya watoto wa katekisimu, magoti yanafika kidevuni. Mvua ikipiga mabati, humsikii mwalimu. Anabaki kuandika ubaoni na ninyi mnanakili kama mabubu. Na zile nakala! Karatasi ya mkono iliyofotokopiwa, ikafotokopiwa tena, mpaka herufi zimebaki kivuli. Mimi kazi yangu ni fotokopi, niliona aibu kwa niaba yake. Wiki ya tatu nilimpigia upya zote na sikumtoza kitu.

Sasa somo lenyewe. Siku ya kwanza mwalimu aliandika maneno mawili tu: kunuka, kunukia. Akauliza nani amewahi kuyachanganya. Nilikaa kimya, maana nilikumbuka karatasi niliyoupigia mgahawa mmoja, nakala mia mbili: "Bukari ya moto na samaki wanaonuka vizuri." (Bukari ni ugali wetu.) Samaki anayenuka ameoza. Anayenukia yuko kwenye kikaango. Nilidhani neno "vizuri" limeniokoa. Mwalimu akasema pua ya msomaji imeshafunga kabla hajafika kwenye "vizuri". Tangu hapo darasa lote likawa linauliza juu ya kila neno: hili linanuka au linanukia? Kwenye karatasi zake aliiita "maana ya ziada", lakini sijamsikia mwanafunzi hata mmoja akiiita hivyo.

Zoezi nililolipenda ni la mwili. Mtu mmoja, mwili mmoja, maneno sita: mnene, bonge, ana mwili, amenawiri, amefura, amevimba. Tulitakiwa kusema ni nani anaweza kumwambia nani. Hapo wanafunzi na sisi wazee tuliachana njia. Mama mkwe wangu akiniambia nimenenepa, ananisifu, maana yake mwanawe ananilisha. Binti yangu wa miaka 17 akiambiwa neno hilohilo, jioni hagusi bukari. Upande wa pili kuna "mwembamba", ambalo halina ubaya, na "amekonda", ambalo ukilitamka mtaani kwetu watu wanaanza kuulizana kwa sauti ya chini huyo mtu anaumwa nini. Mwalimu hakutupa jibu. Alituacha tubishane, akaandika majina ya waliosema hivi na waliosema vile, akatuonyesha kwamba umri ndio uliotugawa.

Wiki ya matangazo ya kilio niliingia na daftari jipya, kwa sababu huo ndio mkate wangu. Kufa tunakijua: mbuzi amekufa, injini imekufa. Kwa binadamu tunaandika amefariki, neno lililotoka Kiarabu lenye maana ya kuachana, kutengana. Marehemu nalo linatoka hukohuko, ni mtu aliyerehemiwa. Nilikuwa nikiandika "ametangulia mbele ya haki" kwa kila familia, kwa kuwa linapendeza masikioni. Mzee katekista akanigeukia taratibu: "Mama, hilo ni la ndugu zetu Waislamu. Familia ya kanisa andika amelala katika Bwana." Nilihesabu kimya kimya matangazo niliyoyapiga hivyo na nikaacha kuhesabu. "Hayati" tuliambiwa watu wameizoea kwa wakubwa wa nchi. Ukimpa fundi baiskeli, wengine wataona umemheshimu, wengine wataona umemtania. Mimi fundi baiskeli ningempa.

Mahali nilipogombana na mwalimu ni kwenye "katoto". Alilikata kwa wino mwekundu kwenye insha ya msichana mmoja, akaandika juu yake "mtoto mdogo". Nikasema hapana. Hapa Lubumbashi katoto ni mtoto unayetaka kumbeba. Kiswahili cha vitabuni kitakupa "kitoto", ambacho ukikisikia unafikiria mambo ya kitoto, au "toto", ambalo vijana wanamwitia msichana mzuri anayepita. Hakuna hata moja linalobeba upendo wa katoto. Mwalimu ana kasoro hiyo: neno likitoka pwani analivulia kofia, likitoka mitaani kwetu, Kenya au Katuba, analiomba kitambulisho.

Ila alinijibu kwa neno moja lililoninyamazisha: kadogo. Ni ileile ka-, umbo lilelile la upendo. Lakini mimi nilikuwa na miaka 12 Aprili 1997, askari wa Laurent-Désiré Kabila walipoingia mjini, na kati yao walikuwamo watoto wa rika langu, mabuti ya mpira miguuni, bunduki begani. Ndio walioitwa kadogo. Leo ukimwita mtoto wa jirani kadogo, mama yake mwenye umri wangu atageuka kukutazama. Wanafunzi hawakujua. Kwao kadogo ni kitu kidogo tu. Dakika arobaini ziliishia hapo, na mzee katekista akaongeza la kwake: baba yake alikuwa akipika kwa Wazungu, enzi mji unaitwa Élisabethville, na alifika miaka hamsini akiitwa bado "boyi". Alisema nyumbani kwake neno hilo haliingii, hata kwa mzaha. Msichana wa katoto aliandika hayo yote.

Wiki ya mwisho tuliandika barua ya malalamiko: karani amedai pesa kabla ya kupiga muhuri. Karibu wote tuliandika "ameomba matabishi", yaani bakshishi. Mwalimu alizisoma barua moja moja kwa sauti, na kila moja darasa lilitabasamu. Kisha akabadilisha neno moja, "rushwa", akasoma tena, na hakuna aliyetabasamu. Matabishi ni ya mtu aliyekubebea mzigo. Nilikuwa nimekwenda nikidhani nitafundishwa adabu ya maneno, jinsi ya kulainisha. Siku ile nilirudi na kitu kingine. Wiki iliyofuata mama mmoja alikuja kuandika barua kwa mpangaji mwenye deni la miezi minne, akataka "nakuonya". Nilimwonyesha pia "nakukumbusha" na "nakudai", nikamsomea barua zote tatu. Alichagua "nakudai", kwa sababu, alisema, onyo halina hesabu ndani yake.

Thamani ya dola 15 ipo. Kama mtoto wako anajiandaa kwa mtihani na anataka sarufi, mpeleke kwingine. Hapa ngeli zinaguswa kwa kupita tu, na mtunga nyimbo aliacha kuja wiki ya nne kwa sababu alitaka vina. Kijana wangu wa kazi nimeshamlipia zamu ijayo. Nimemwambia abebe mto wa kukalia, akae dirishani karibu na ubao kwa ajili ya mvua, na neno katoto asilitaje kabla ya saa tisa na nusu, la sivyo watakosa muda wa kitu kingine.