Tiketi ya viwanja vya nje Wimbledon: raundi ya kwanza kwa karibu

Kwa mpenzi wa tenisi, sijaona tiketi yenye thamani kuliko ile ya viwanja vya nje vya Wimbledon, mashindano ya tenisi ya London, katika siku mbili za mwanzo, wakati wanaume 128 na wanawake 128 wa mchezo wa mmoja mmoja wanapoanza safari. Foleni ya kununua tiketi iko katika bustani ya jirani, ambako wengine hulala kwenye mahema, na kila anayefika hupewa kadi yenye namba na tarehe, ambayo hana budi kuitunza kama pasipoti. Ndani, viti vingi havina mwenyewe: anayewahi ndiye anayekaa. Nilipata mstari wa pili, karibu kiasi cha kusikia viatu vikiteleza kwenye nyasi na kuona vumbi jeupe likitimka mpira ulipogusa mstari. Ni katika Uwanja namba 18 ambapo Mmarekani John Isner alimshinda Mfaransa Nicolas Mahut mwaka 2010, kwa gemu 70–68 katika seti ya tano na ya mwisho, baada ya saa 11 na dakika 5 zilizogawanyika katika siku tatu; nayo ilikuwa raundi ya kwanza tu. Tiketi hii haimwingizi mtu Uwanja Mkuu, nami kwa siku hizo mbili sikuutamani.