Uzoefu wangu: kapla ya tefloni kwenye ekzosi ya gari la rimoti la petroli

Kwa muda wa miezi saba nimetumia kapla ya tefloni (plastiki inayostahimili joto) kuunganisha mabomba ya ekzosi ya gari langu la rimoti la ukubwa wa moja ya tano ya gari halisi, na mpaka leo haijaungua. Naandika tathmini hii kwa sababu kabla yake niliunguza kapla mbili za silikoni, yaani za mpira, ndani ya wiki tatu, na kwa sababu naamini kwamba mtu atakayenunua tefloni akidhani ndiyo dawa peke yake atapoteza fedha zake kama nilivyopoteza zangu.

Gari langu linaendeshwa na injini ya Zenoah G260RC ya mipigo miwili, yenye sentimita za ujazo 25.4, nami huchanganya petroli na oili kwa kipimo cha 25 kwa 1. Moshi hutoka kwenye silinda kwa bomba fupi lililopinda, kisha huingia katika bomba kubwa lenye tumbo, ambalo umbo lake hurudisha wimbi la mgandamizo mpaka kwenye mlango wa silinda na kuiongezea injini nguvu. Kapla ni kipande cha mpira au plastiki cha sentimita chache kinachovishwa juu ya ncha za mabomba hayo mawili na kubanwa kwa klipu kila upande. Huziba moshi usivuje, na pia hupokea mtikisiko ambao ungepasua mabomba kama yangechomelewa pamoja.

Kapla iliyokuja na gari ilidumu karibu mwaka mzima hapa Kampala. Mwezi wa Desemba tulikwenda kwa wakwe zangu Kabale, nikalibeba gari ili watoto wacheze. Kabale iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, ilhali Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi, na kule juu hewa ni nyepesi kiasi kwamba petroli iliyotosha nyumbani inazidi. Injini ilisuasua na plagi ikatoka nyeusi, imelowa oili, kwa hiyo nikaikaza kidogo skrubu ya kabureta yenye herufi H, ile inayopimia petroli ya mwendo wa juu, na gari likaenda vizuri sana mpaka likizo ikaisha. Kosa langu ni kwamba niliporudi Kampala nililiwasha bila kuifungua skrubu ile. Hewa ya huku ni nzito zaidi, petroli ikawa pungufu, na injini ya mipigo miwili ikikosa petroli huchemka, kwa kuwa petroli yenyewe na oili iliyomo ndivyo vinavyoipoza na kuilainisha kwa ndani. Baada ya dakika 15 nilisikia mlio umebadilika na kuwa mkali kama wa bati linalopasuka. Nilipozima, kapla ilikuwa na tundu la ukubwa wa kidole upande wa chini, kingo zake zimegeuka unga mweupe, na plagi ilikuwa nyeupe kama chokaa.

Nilirekebisha kabureta na kuagiza kapla nyingine ya silikoni kwa muuzaji wa ng'ambo, ambaye tangazo lake lilisema inafaa injini yangu. Ilifika, nikaifunga, ikaungua kabla sijamaliza tangi la pili. Nilipoisoma karatasi yake kwa makini ndipo nikaona kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya boti za rimoti. Injini ni ile ile, lakini boti hupitisha maji kuzunguka bomba la ekzosi, na kapla yake huishi kwenye ubaridi ambao gari halina. Nalalamikia tangazo lile kwa dhati, kwa sababu aliyeliandika alijua bidhaa yake ni ya wapi.

Hata hivyo nilibaki na swali, maana safari hii plagi ilikuwa ya kahawia, rangi inayotakiwa, yaani petroli ilikuwa inatosha. Nilizichukua kapla zote mbili pamoja na mabomba yake nikaenda Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, kwa fundi mmoja anayekereza vyuma. Hakuuliza habari za injini. Alizipasua kapla kwa kisu, akazilaza mezani kama mtu anayekunjua karatasi, akanionyesha kwamba zote mbili zilikuwa zimeungua katika ukanda mwembamba ule ule wa katikati, huku sehemu zilizokuwa zimelala juu ya chuma zikiwa nzima kabisa, zinang'aa. "Mwalimu," akasema, "moshi umepata shimo hapa. Ukipata shimo hulala humo, na anayeunguzwa ni ukuta."

Alikuwa na haki. Mpira wa kishikizo cha nyuma cha bomba kubwa ulikuwa umechakaa, bomba likasogea nyuma, na kati ya ncha mbili pakabaki pengo la milimita 4. Moshi unaotoka kwenye injini kama hii una joto la zaidi ya nyuzi 400 za Selsiasi, na silikoni ya kawaida huanza kuharibika ikikaa kwenye nyuzi 200 na kitu. Hata tefloni inastahimili nyuzi 260 tu kwa matumizi ya kudumu, na huyeyuka kwenye 327. Kwa hiyo hakuna mpira wala plastiki ya bei yoyote inayoweza kusimama mbele ya moshi ule ana kwa ana. Inachoweza ni kukaa juu ya chuma na kupokea joto lililokwisha kupungua.

Fundi alinikerezea pete ya chuma kisichoshika kutu, yenye kipenyo sawa na cha mabomba ndani na nje, ikajaza lile pengo barabara. Nilibadilisha mpira wa kishikizo, nikavisha kapla ya tefloni juu ya vyote, nikafunga klipu. Kapla ilinigharimu shilingi 95,000 za Uganda, na pete 20,000. Nilipopima kwa kipimajoto cha mionzi baada ya kuendesha kwa nguvu dakika 20, ngozi ya nje ya kapla ilikuwa kati ya nyuzi 150 na 165. Ile ya boti niliwahi kuipima kabla haijatoboka, ikaonyesha 215.

Kuhusu tefloni yenyewe, naipenda lakini ina tabia zake. Ni ngumu kuivisha. Mimi huiloweka kwanza katika maji ya moto dakika chache. Pia hutambaa polepole chini ya mbano, kwa hiyo klipu zilizokazwa leo zitakuwa zimelegea baada ya mara mbili au tatu za kupata moto na kupoa, na asiyezikaza tena ataona pete ya oili nyeusi ikijichora kwenye kiungo, dalili kwamba moshi umeanza kuvuja. Haivumilii mabomba yaliyopishana kama silikoni inavyovumilia, hivyo ncha lazima zitazamane sawasawa. Tena isichomwe wala kukatwa kwa moto, kwa sababu tefloni iliyopitiliza joto hutoa moshi wenye sumu, jambo ambalo halikuandikwa popote kwenye pakiti yangu na ambalo mzazi mwenye watoto karibu anapaswa kulijua.

Naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa ajili ya lile onyo lililokosekana. Silikoni nzuri iliyotengenezwa kwa ajili ya magari bado ingetosha kwa mtu ambaye mabomba yake yamegusana, na kama fedha ni kidogo, ningemshauri aanze na pete ya Katwe. Mwezi huu wa Agosti tunarudi Kabale, nami nimechora alama ya rangi nyeupe kwenye kichwa cha skrubu ya H ili nijue pa kuirudisha tukishuka.