Eti ni mawingu!

Nilishaapa sitawaandika hawa watu wa kuchambua picha za satelaiti, ila leo nimekutana tena na ankara yao kwenye droo, damu ikachemka.

Ofisi iko ghorofani hapa Arusha, jina naliacha. Niliwapa picha mbili za rada za setilaiti ya ALOS-2 wazilinganishe, nijue kama mteremko mmoja wa Mlima Meru unatembea. Mawimbi marefu hayo, ya kama sentimita 24, niliyachagua makusudi: migomba na kahawa za huku huyavuruga yale mafupi ya setilaiti nyingine, Sentinel-1. Ripoti ikarudi: ardhi imezama sentimita 12, ukanda mmoja mrefu kutoka Monduli mpaka Usa River. Jamani! Arusha nzima ishuke, na chai isimwagike kikombeni?

Nikapanda ngazi. Kijana alikuwa anakula chipsi mayai. Hakuinuka, wala hakunionyesha kiti. Akagusa skrini kwa kidole chenye mafuta: "Mama, hayo ni mawingu tu. Si unajua msimu wa mvua." Alama ya kidole ikabaki pale pale juu ya Monduli.

Mawingu! Rada hupita kwenye mawingu, ndiyo maana tunaihangaikia. Haya, mvuke wa hewani huyachelewesha mawimbi, ardhi ikaonekana kama imeshuka, hilo simkatalii. Lakini mvuke hauchagui masafa ya wimbi, liwe refu au fupi. Ionosfia, lile tabaka la juu angani lenye elektroni, inachagua: wimbi likiwa refu ndivyo linavyoyumbishwa zaidi, na sisi tuko jirani na ikweta, ambako elektroni za huko juu ni nyingi na hazitulii. Ukiigawa bendi ya rada, yaani upana wa masafa yake, kipande cha masafa ya juu na cha masafa ya chini, ukavilinganisha, utajua kosa ni la elektroni au ardhi imesogea kweli. Nilimweleza yote hayo nikiwa nimesimama. Akaendelea kutafuna.

Baada ya wiki kadhaa za kupigiana simu, mwenzake, binti mmoja mpole, akairudia kazi kwa njia hiyo niliyoieleza. Ukanda wote ukafutika. Kazi safi, nisiwe mnafiki; sijawahi kuiona Meru imetulia vile kwenye picha. Nilishataka kuwapa nyota nne.

Ndipo ikaja ankara ya pili: "ada ya marekebisho". Yaani mkosee nyie, nilipe mimi? Na nimelipa, maana mteja alikuwa ananisubiri. Nyota moja! Tena hiyo ni ya yule binti, na akihama pale mnijulishe amehamia wapi.