Kukata kadibodi nene kwa CNC ndogo: ununue kipi kwanza

Wauza viungo wengi wa Mji Mkongwe sasa wanataka karafuu na hiliki zao zikae kwenye kisanduku kigumu chenye mfuniko. Kwa hiyo naulizwa: hii 3018 yangu, yaani mashine ndogo ya CNC ya mezani inayoongozwa na kompyuta, itakata kadibodi ya milimita mbili? Itakata, ila inategemea umeifunga nini. Nazungumzia kadibodi ya kijivu, nzito, isiyo na mawimbi ndani, ile ya majalada ya daftari gumu.

Namba moja kwangu ni kisu cha kuburuta. Ni rahisi, hakihitaji umeme wake, na hakitoi moshi. Ncha ya wembe imekaa nyuma kidogo ya mhimili, mara nyingi robo milimita, kwa hiyo inajigeuza yenyewe kufuata njia kama gurudumu la mbele la troli. Kwenye kona ndipo inapokusumbua. Programu yako lazima ijue huo umbali na ikizungushe kisu kila kona, la sivyo pembe zote zitakuwa duara. Nunua wembe wa digrii 60; ule wa 45 ni wa karatasi nyembamba. Muulize muuzaji wembe unatokeza kiasi gani, maana mwengine haufiki milimita mbili. Spindeli, ile mota ya kuzungusha biti, iwe imezimwa kabisa! Shusha milimita 0.3 kila kisu kinaporudia njia, usiwe na pupa, fremu ya 3018 hupinda. Mimi hata sikati mpaka chini: mashine inachora theluthi mbili, namalizia kwa rula na kisu cha mkono. Kingo hutoka safi.

Ya pili ni leza ya dayodi. Kwa nakshi za maua kama za milango yetu, kisu hakiziwezi, leza huziweza. Lakini kingo hugeuka kahawia na harufu ya kuungua hubaki ndani ya kisanduku. Nani atanunua mdalasini unaonuka moshi? Usidanganywe na wati kubwa kwenye tangazo: baadhi ya wauzaji huandika umeme unaoingia, si nguvu ya mwanga unaotoka. Miwani iwe ya kuzuia mwanga wa leza yako hasa; leza nyingi ni za buluu, nanomita 450. Na usiiache ikifanya kazi peke yake, hasa kwenye nyumba zetu zilizoshikana ukuta kwa ukuta.

Kisu cha kutetemeka, kinachopanda na kushuka kwa kasi, ndicho kinachokata vizuri kuliko vyote. Nimekiweka cha tatu kwa sababu ya bei na uzito tu. Subiri upate mashine imara zaidi.

Biti ya kuzunguka sikushauri. Inaacha manyoya na vumbi. Ukilazimika, chukua ya milimita moja inayosukuma vumbi chini, na ubane kadibodi kati ya mbao mbili nyembamba.

Masika nayo ina mambo yake. Mwezi wa Aprili nilikata mifuniko iliyokaa sawasawa, Julai ilipwaya. Kadibodi hunywa unyevu ikavimba, ikikauka husinyaa, kwa hiyo iweke mbali na ukuta, juu yake tofali, na ukate mfuniko na kisanduku siku moja.

Kabla hujabonyeza kuanza, tia alama ya kalamu kwenye kona ya sifuri, pale mashine inapoanzia kuhesabu. Umeme ukikatika katikati, mashine ikiwaka tena haijui ilipokuwa.