Corolla 110 yangu ya kwanza: niiuze au niifufue? Riviu baada ya mwaka na nusu

Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. Aliizunguka mara moja, akapiga teke tairi la nyuma, akasema hii peleka kwenye vyuma chakavu wakupimie kwa kilo. Fundi wa pili akafungua, akawasha, akasikiliza kidogo kichwa kakiinamisha kama mtu anayepewa umbea, akasema injini bado inadai. Sasa hapo unamsikiliza nani?

Gari yenyewe ni Toyota Corolla AE110, ile watu wanaiita 110 tu, ya mwishoni mwa 1995, gia manuali, injini 5A-FE ya cc 1498. Ndo gari yangu ya kwanza kumiliki, nimejifunzia kuegesha nayo na ile mikwaruzo yote ya bampa la nyuma ni kazi ya mikono yangu mwenyewe. Ilikuwa imekaa zaidi ya mwaka bila kutembea, na hata kabla haijalala ilikuwa inatoa moshi wa bluu asubuhi, inakunywa mafuta kama lori, ukipita kwenye shimo inalia kama kitanda cha chuma. Nikasema kabla sijaamua kwa huruma niipime kwanza, maana gari ya kwanza ina mambo yake, unaweza ukatumbukiza hela humo kwa sababu tu ulimbeba mtu fulani siti ya mbele miaka hiyo.

Nilichojifunza, na hiki ndo ningependa mtu angeniambia mapema, ni kwamba kinachoamua gari ifufuliwe au isifufuliwe ni bati. Injini inafunguka, inafungwa nyingine, gia boksi hivyo hivyo, lakini bati likishaoza kwenye chesisi unakuwa unanunua gari kipande kipande. Kwa hiyo chukua bisibisi na sumaku ndogo, basi. Sumaku unapitisha kwenye milango, mafenda na kingo za chini ya milango, pale inapokataa kushika ujue chini kuna puti, ile pasta ya kuzibia bodi, mtu alishaziba. Bisibisi unagonga gonga nayo kwenye hizo hizo kingo za chini ya milango, kwenye sehemu za kuwekea jeki, na pale juu shokapu inapofungwa ndani ya boneti. Ikiingia, pole. Afu nyanyua kapeti, hasa upande wa miguu ya abiria, maana maji ya mvua yakipenya kwenye raba ya kioo cha mbele yanajikusanya pale na wewe juu unaona kapeti zuri tu. Yangu nilikuta kutu ya juu juu kwenye sakafu na tundu moja la saizi ya sarafu kwenye ukingo wa bati juu ya tairi la nyuma. Chesisi kavu kabisa. Lingekuwa tundu hilo liko pale shokapu inapokaa, ningempa yule fundi wa kwanza haki yake.

Injini ikafuata. Kipimo cha kompresheni, yani silinda zinabana hewa kwa presha kiasi gani, kile cha kufunga kwenye tundu la plagi, ilisoma psi 172, 170, 165 na 168. Hapo usihangaike sana na namba yenyewe, geji zinatofautiana, angalia silinda zinapishana kiasi gani, ukiona tatu ziko sawa na moja imedondoka ndo kuna kesi, na hapo unamwagia kijiko cha oili kwenye ile silinda dhaifu unapima tena: ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda ni vavu au gasketi. Zangu zilikuwa zinafuatana vizuri, kwa hiyo ule moshi wa asubuhi ulikuwa ni sili za vavu, vile vipira vya kuzuia oili isiingie kwenye silinda, zimekauka, oili inachuruzika usiku gari ikilala. Sili za vavu unabadilisha hata bila kushusha hedi, yani kichwa cha injini. Fundi wangu aliingiza kamba kwenye tundu la plagi akapandisha pistoni taratibu, kamba ikabana vavu zisidondoke, akafanya kazi yake. Nilisimama pale kama mtoto anaangalia mazingaombwe.

Mafuta sasa. Kila mtu alikuwa na maoni yake, mara injekta, mara pampu, mara "hizi injini zikizeeka ndo zilivyo". Toyota nyingi za miaka hiyo zina kiboksi chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSIS, unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha, afu unahesabu taa ya injini inavyokonyeza kwenye dashibodi. Ikakonyeza mara mbili, ikapumua, mara mbili. Hiyo ni namba ya kosa 22, sensa ya joto la maji. Yani kompyuta ilikuwa haisomi joto la injini sawasawa kwa hiyo inamwaga mafuta tu. Kisensa kidogo kama kidole gumba! Na nilikuwa nimeshaambiwa na garaji moja nibadilishe injini nzima, jina lao nabaki nalo mwenyewe.

Kuna jambo lingine hapo hapo, hili ni kosa langu pia. Miaka mingi nilikuwa naweka maji ya bomba kwenye rejeta na themostati ilishatolewa zamani, fundi fulani alisema "inazuia maji, itachemsha". Jamani. Themostati inafunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuibakisha hapo, ukiitoa injini inatembea baridi, inakula mafuta na inajila yenyewe. Na maji matupu yanaleta kutu ndani ya bloki, kile kitope chekundu kilichotoka siku tunasafisha sitakisahau. Sasa ina themostati, ina kulanti (maji maalumu ya rejeta), ina kifuniko kipya cha rejeta (kidogo hicho lakini kikilegea presha inatoroka na maji yanachemka mapema), na mshale unakaa katikati hauondoki hata kwenye foleni.

Kwa hiyo nikaamua naifufua. Watu watakwambia ukiona matengenezo yanazidi nusu ya thamani ya gari iuze. Mimi hiyo hesabu naona haijakaa sawa, maana hutembelei thamani ya gari. Hesabu niliyopiga ni hii: hela ya kufufua hii, nikailinganisha na hela ya kununua nyingine ambayo ningeiamini safari ya mbali, pamoja na matengenezo ya mwaka wa kwanza, kwa sababu kila gari iliyotumika inakuja na madeni ya mtu mwingine. Hii yangu madeni yake nayajua yote kwa majina.

Halafu hapa ndo wengi wanapotea, na mimi nilichungulia: kufufua na kuboresha ni vitu viwili tofauti. Kufufua ni kuirudisha ilivyotoka kiwandani, kuboresha ni kuipa ambacho haikuwahi kuwa nacho. Ukivichanganya kwa wakati mmoja ikigoma hujui umeharibu wewe au ilikuwa mbovu. Nilitamani sana kuweka injini ya 4A-GE ya vavu 20, ile ya kifuniko cheusi ya farasi 165, mana inatoka kwenye ndugu zake wa AE111 kwa hiyo kuifunga inaingia bila ugomvi mkubwa. Nilishaanza mpaka kuulizia. Afu nikajiuliza, breki za gari ya farasi mia zitasimamisha hiyo kitu? Ukibadilisha injini inabidi ubadilishe breki, klachi, waya, kompyuta, na pengine gia boksi. Nikaacha. Bado naota usiku lakini nimeacha.

Tuje kwenye kilichofanyika na ninavyokiona sasa baada ya mwaka na nusu.

Bushi, boljointi, tairodi na shokapu zote nne, hii ndo hela iliyorudi kuliko zote. Siku ya kwanza natoka nayo garaji nilizima redio nikasikilize vizuri ule ukimya. Kama una hela ya jambo moja tu, weka hapa. Nilijaribu zile bushi ngumu za poliyurethini mbele, ni kweli usukani unaitika haraka lakini kila kokoto unalisikia kwenye meno, na zisipopakwa grisi yake zinapiga kelele, nikarudi kwenye za raba. Na usisahau mauntingi za injini, watu wanadhani gari inatetemeka kwa sababu ya uzee kumbe ni raba nne tu zimekufa.

Breki: disko mpya mbele, pedi nzuri, wilisilinda za nyuma, mipira ya breki yote, na maji ya breki mapya. Maji ya breki yananyonya unyevu kutoka hewani, ndo mana inashauriwa kuyabadili kila miaka miwili hivi, yangu yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi. Hapa hamna cha kupiga bei.

Mkanda wa taiming nilibadilisha pamoja na bearingi zake na pampu ya maji, kwa sababu ukishafika pale ndani kurudi tena ni kulipa ufundi mara mbili. Toyota wanataka kila kilomita 100,000. Uzuri wa hizi injini mkanda ukikatika vavu hazigongani na pistoni, gari inazima tu unabaki barabarani na aibu yako. Gasketi ya kava ya vavu nayo ilikuwa inavuja oili mpaka kwenye mashimo ya plagi, na ile oringi ya distributa, kitu kidogo sana lakini kinachafua injini nzima ukadhani imepasuka.

Bodi na rangi ndo palinitesa. Niliambiwa wiki mbili ikakaa miezi miwili, na nilipoenda kuichukua mlango mmoja ulikuwa na weupe tofauti na mwenzake, juani unaona kabisa. Ikarudiwa. Ushauri: nenda mwenyewe uone bati limekatwa na kuchomelewa jipya kabla hawajapaka puti, piga na picha, mana puti ikishapita juu tundu na kiraka vinafanana.

Kwenye kuboresha nimeboresha vichache. Nimeweka rilei (viswichi vya umeme) za taa za mbele, umeme unatoka kwenye betri moja kwa moja badala ya kuzunguka kwenye swichi ya miaka hiyo, zile zile balbu za halojeni za 60/55 zikawaka kama nimebadilisha taa. Kabla ya hapo nilinunua balbu za LED za kuchomeka, nyeupee, nikajiona, kumbe taa zilizotengenezwa kwa halojeni zinautawanya ule mwanga hovyo, wanaokuja mbele wote wakawa wananipigia ful, na mimi mwenyewe mbali sioni. Nilizitoa ndani ya wiki.

Ringi nilitoka 13 nikaenda 14 na matairi ya 185/60, mzunguko wa nje unabaki karibu sawa na 175/70 ya 13 kwa hiyo spidomita haidanganyi. Rafiki yangu alinisukuma sana niweke 16. Nilipanda yake, inapendeza kwenye picha. Nati ni nne kwenye duara la milimita 100 (4x100) na tundu la kati ni milimita 54.1, ringi nyingi za dukani tundu lake ni kubwa kwa hiyo weka zile pete za katikati la sivyo usukani utatetemeka na utalaumu balansi milele. Na matairi soma zile tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata zote na likawa limezeeka.

Redio ya skrini ya kugusa, sijui nilifikiria nini. Inapoteza taimu kuwaka, jua likipiga huoni kitu. Naivumilia kwa sababu ya kamera ya nyuma, historia ya bampa mnaijua.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna fundi atakufufulia. Yangu haina ABS (ile ya kuzuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki ghafla), haina eabegi hata moja, mlango ukiufunga unasikia kabisa ni bati jembamba. Uifanye mpya vipi, kwenye ajali itabaki gari ya 1995. Kwa hiyo kama ndo gari ya kubeba watoto kila siku kwenye barabara za mwendo wa kasi, mimi ningesema nunua ya karibuni zaidi hata kama hii unaipenda. Kwangu ni mizunguko ya hapa na pale na safari chache, nikaona naweza kuishi nayo, ila mikanda yote nimeweka mipya mana ya zamani ilikuwa inajivuta kwa kusuasua.

Kama gari ingine ukiniuliza, jibu linategemea spea. Hii spea zake zimejaa duniani kote, Corolla imeanza 1966 na imeshauzwa zaidi ya milioni 50, hata boljointi ukiipoteza usiku asubuhi unapata. Ukiwa na modeli ya nadra ambayo sensa moja unaisubiri mwezi mzima, hesabu inabadilika kabisa.

Gari kama gari naipa nyota nne kati ya tano. Uamuzi wa kuifufua nne na nusu, hiyo nusu ameichukua mpaka rangi. Kioo cha mlango wa nyuma kushoto bado kinapanda kwa kusaidiwa na mkono, mashine yake nimeagiza.