Wati 5 zinatosha sebuleni: uzoefu wangu na amplifaya ya valvu

Kila anayeiona amplifaya yangu ya valvu, ile mirija ya kioo inayokuza sauti, huuliza ina wati ngapi. Nikimwambia 5 kila upande, anaguna. Hapa Mwanza tumezoea sabufa zenye vibandiko vya mamia ya wati. Mimi nasema aanze kuuliza habari za spika.

Amplifaya inatumia valvu moja ya nguvu, aina ya EL84, kila upande. Niliijaribu kwanza na spika ndogo za jirani, zenye usikivu (yaani ukubwa wa sauti spika inayotoa kwa nguvu iliyopewa) wa desibeli 86 kwa wati 1, ukipima umbali wa mita 1. Taarabu ya sauti ya chini ilipendeza, ila dansi likichanganya, magitaa na ngoma vikiingia pamoja, sauti ilianza kukwaruza. Kisha nikaifunga kwenye spika zangu: draiva ya inchi 12 na honi juu yake, jamii ya zile za kumbi za harusi, ndani ya maboksi niliyochongewa na seremala wa Kirumba. Hizi zina desibeli 97. Kila desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu mara mbili, na desibeli 10 ni mara kumi. Maana yake wati zangu 5 zinatoa hapa sauti ambayo zile ndogo zingeidai kwa wati zaidi ya 60. Kwenye sebule ya kawaida ya Bwiru sijawahi kufika hata nusu ya kitufe cha sauti.

Na utamu wenyewe! Gitaa la solo unalisikia tangu kidole kinapogusa waya, na mwimbaji anakaa katikati ya spika mbili, peke yake. Besi imeshiba, ila haishuki sana. Anayetaka kutikisa mabati ya jirani atafute mashine nyingine.

Usikivu peke yake hautoshi, angalia na omu, kipimo cha jinsi spika inavyoukinza umeme. Spika iliyoandikwa omu 8 inaweza kushuka hadi 3 kwenye baadhi ya sauti, na amplifaya ndogo ya valvu haina ubavu wa kuishika hapo: besi inalegea, sauti nyingine zinajitokeza kupita kiasi. Nyuma ya amplifaya yangu kuna tundu za omu 4 na 8. Nilijaribu zote, nikabaki na ya 8. Jaribu kwa masikio yako, ila zima kwanza kabla ya kuhamisha waya, na usiiwashe kamwe bila spika, maana transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Kuna kero moja. Spika zenye usikivu mkubwa hazifichi kitu. Usiku, mji ukitulia, nilisikia mvumo hadi kwenye kochi. Fundi alipoweka waya wa ethi vizuri na kusogeza waya wa sauti mbali na transfoma, mvumo ulipungua sana. Sasa nausikia nikiinamia spika tu. Fundi huyo awe anazijua valvu, maana ndani kuna volti karibu 300, na kapasita zinaweza kubaki na umeme hata ukishachomoa plagi.

Nimeongeza stabilaiza, kwa sababu umeme wa mtaani kwetu unapanda na kushuka. Fedha zikipatikana tena sitanunua wati; nitamrudia seremala anichongee maboksi makubwa zaidi, besi ishuke.