Nyota nne kwa Yamanote, kitanda changu cha saa nane mchana

Natoka zamu saa saba na nusu, kwenye nyumba ya wazee karibu na Ueno, hapa Tokyo, na saa nane na nusu natakiwa darasani Takadanobaba. Hapo katikati ndipo ninapolala. Treni ya Yamanote, ile inayozunguka jiji, inanipa dakika kama 20, na huu mwaka wa pili sijaona pa kujipumzisha panapoishinda.

Nilianza na mgahawa mmoja wa kulipia usingizi. Kitanda safi, pazia, taa hafifu. Sikulala. Nilikodoa macho nikihesabu dakika nilizolipia, huku jirani wa nyuma ya pazia akibonyeza simu.

Kwenye treni mambo ni mengine. Wajapani wanaita inemuri: "i" ni kuwepo, "nemuri" ni usingizi. Umelala, lakini upo. Ukikaa vizuri, mkoba mapajani, hakuna anayekuona mvivu; wanaona mtu aliyechoshwa na kazi. Wizara ya afya yenyewe, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2014, iliwashauri wafanyakazi wajilaze kidogo mapema mchana, wasizidishe dakika 30. Ndani ya behewa simu hazilii. Majira ya baridi kiti kinatoa joto kwa chini, linapanda mgongoni taratibu, na tukifika Nippori mimi sina habari tena.

Kiti cha kugombea ni cha mwisho wa benchi, kando ya mlango, chenye ubao wa kuegemea. Ukikaa katikati, kichwa kitatafuta bega la mtu. Wiki iliyopita mzee mmoja wa suti ya kijivu aliniegemea tangu Tabata. Sikumsogeza. Alinukia dawa ya kuchua, kama babu yangu, na mkono wake ulikuwa bado umeshika kofia. Tulipoingia Ikebukuro alifumbua macho kabla milango haijafunguka, akainamisha kichwa, akasema "sumimasen", yaani samahani, kwa sauti ya chini, akashuka akiwa macho kabisa. Wengi wako hivyo, kituo chao wanakijua usingizini. Mimi bado naamshwa na kijiwimbo cha Takadanobaba, maana vituo vingi vya njia hii vina muziki wake wa kuondokea, na ule sikio langu limeshaukariri.

Nimekulia Mbagala. Kwenye daladala ukisinzia unakumbatia pochi kwa mikono miwili, na mwezi wa kwanza hapa nilikumbatia hivyo hivyo. Siku hizi napitisha mkanda mkononi, basi. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko hata joto la kiti: kufumba macho katikati ya watu nisiowajua na kukuta kila kitu changu kipo.

Nyota ya tano nainyima kwa sababu ya asubuhi. Kati ya saa moja na saa tatu hupati kiti, unasimama umebanwa pande zote. Wapo wanaolala hivyo hivyo wameshika kitanzi cha kujishikilia. Mimi nimejaribu mara mbili, magoti yamekataa.